Kidonda kwenye kioo cha mbele: kizibe mwenyewe kabla hakijawa ufa

Tangu ujenzi wa barabara ya njia nne uanze hapa Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, magari mengi yanakuja kuoshwa kwangu yakiwa na alama ile ile: kidonda kwenye kioo cha mbele. Fuso limebeba kokoto bila turubai, kijiwe kinaruka, ta! Dereva anasonya, safari inaendelea. Mimi na vijana wangu tunaosha magari hapa Mafiati, na kazi ya kuziba vidonda imenifuata yenyewe, maana anayeosha kioo ndiye anayekiona kwa karibu. Ukiwa na vifaa na subira, hata nyumbani kwako unaweza.

Jambo la kwanza linafanyika palepale barabarani. Simama mahali salama, futa kwa kitambaa kikavu, bandika kipande cha soltepu angavu juu ya kidonda. Basi. Usipake mate, usipake sabuni, na supagluu iache nyumbani. Adui wa kazi hii ni maji na vumbi. Vikishaingia kwenye vile vijinyufa, gundi haipati pa kupita, na ule weusi utabaki humo hata fundi awe hodari vipi. Kijana mmoja wa Noah za Tukuyu nilimwonyesha kidonda chake akiwa kwenye foleni. Akaniambia, "Mama, hicho kidogo, osha kwanza gari." Nikamjibu, "Mwanangu, nikipitisha mashine ya presha hapo, nitakuwa nasukuma sabuni ndani. Tuzibe kwanza." Alinuna kidogo, lakini alikubali.

Jambo la pili ni baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi kioo kinaamka na ukungu, na huko Njombe na Makete hata barafu. Watu wanachukua maji ya moto ya chai na kumwagia kioo. Kioo kizima kinaweza kuvumilia, lakini chenye kidonda hakina hiyo nguvu: upande wa nje unatanuka ghafla, wa ndani bado wa baridi, na ufa unakimbia kutoka pale kwenye kidonda hadi pembeni huku unautazama. Washa injini, fungulia hita kidogo kidogo, subiri.

Sasa tazama kama kidonda kinazibika. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobana utando wa plastiki katikati, kama chapati mbili zenye yai ndani. Ndiyo maana kikipigwa hakimwagiki. Jiwe likiumiza kioo cha nje tu, panazibika. Ingia ndani ya gari, pitisha ukucha nyuma ya kidonda. Ukikuta pameparuza, kioo cha ndani nacho kimeumia na hiyo si kazi ya nyumbani. Vioo vya milangoni usivihangaikie kabisa. Vile ni vya aina nyingine, vikiumia vinasambaratika punje punje na dawa yake ni kununua kingine.

Kidonda kisichozidi upana wa sentimeta mbili hivi nakiziba bila wasiwasi. Kikiwa karibu na ukingo wa kioo, tuseme ndani ya sentimeta tano, nakuelekeza kwa fundi vioo, maana pembeni ndipo kioo kinapobeba mzigo na ufa hupenda kuanzia huko. Kikiwa usawa wa macho ya dereva, pia nakataa. Hata kikizibwa vizuri kinaacha kivuli, na usiku taa za malori ya Tunduma zikipiga hapo, mwanga unatawanyika machoni.

Vifaa vinauzwa kwa seti: kiti cha plastiki chenye vikombe vinne vya mpira vya kunyonya kioo, kibomba cha skrubu, kichupa cha gundi angavu inayokauka kwa jua, vipande vya plastiki laini na wembe. Ukikosa kwenye maduka ya vipuri ya Mwanjelwa, mwagize anayefuata mzigo Kariakoo. Kichupa kitunze gizani. Gundi hiyo haikaushwi na upepo, inakaushwa na mionzi ya jua, na jua letu la huku juu, Mbeya ikiwa kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, ni kali hata siku ya baridi.

Kwa hiyo fanyia kazi kivulini, chini ya mti au ndani ya banda. Kama mvua ilinyesha, na huku Uyole na Tukuyu ni lini hainyeshi, gari lilale ndani kwanza. Kukausha kwa haraka tumia drayer ya nywele kwa moto mdogo, ukipuliza kutoka upande wa ndani na kuisogezasogeza. Ukipasha mahali pamoja tu, umerudi kwenye yale ya maji ya chai. Kioo kiwe vuguvugu, kisiunguze kiganja. Asubuhi ya baridi gundi nayo inakuwa nzito kama asali, basi kiweke kichupa mfukoni mwa shati kwa muda, kipate joto la mwili.

Chukua pini, toa vipande vya kioo vilivyolegea kwenye shimo. Kwa upole, hutafuti dhahabu ya Chunya. Futa vumbi kwa brashi kavu. Lowesha vikombe vya mpira kidogo, mbali na kidonda, vibandike ili tundu la kiti likae katikati kabisa ya shimo. Kaza kibomba mpaka mdomo wake wa mpira uguse kioo na kuziba pande zote, ukome hapo. Wengi hukaza kama wanakaza nati za tairi, na kidonda kinapasuka zaidi mikononi mwao.

Dondosha gundi ndani ya kibomba, matone matatu manne yanatosha, kisha zungusha skrubu polepole. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiwe na haraka. Ingia ndani ya gari, mwenzako ashike kitambaa cheusi nje nyuma ya kibomba, nawe utazame. Kidonda cha nyota kina miguu, yaani vijinyufa vinavyotoka katikati, na kila mguu unaonekana mweusi au wa kung'aa kama fedha. Hiyo ni hewa iliyokaa humo. Gundi ikiingia, mguu unafifia kuanzia katikati kwenda nchani, polepole, mpaka unautafuta kwa macho. Ukiona mguu mmoja umegoma, fungua skrubu upandishe kibomba, hewa itoke kwa vipovu, halafu kaza tena. Mara nyingi narudia hivyo, nikiacha dakika tano hadi kumi kila nikikaza. Mguu ukizidi kugoma, gonga kioo kwa ndani kwa ncha ya kidole, taratibu, mkabala na ule mguu.

Miguu yote ikishafifia, ondoa kiti haraka, dondosha tone moja juu ya shimo, funika kwa kipande cha plastiki, kandamiza kutoka katikati ili hewa itoke. Sasa sogeza gari juani. Jua la saa sita mchana linakausha ndani ya robo saa. Kukiwa na mawingu ngoja saa nzima au zaidi. Ikikauka, bandua plastiki, shika wembe wima kabisa, ukwangue gundi iliyozidi mpaka pawe sawa na kioo. Wembe ukilala unachimba gundi na kuacha bonde. Gari usilioshe kwa presha siku hiyo.

Usitegemee alama ipotee. Kitakachobaki ni kivuli kidogo, lakini nguvu ya kioo imerudi kwa sehemu kubwa na ufa hautatembea kirahisi.

Mikwaruzo ni habari nyingine. Kwanza hakikisha ni mkwaruzo kweli. Madoa meupe ya maji ya kisima yanatoka kwa siki na kitambaa laini, na nimeona watu wakisaga kioo bure kwa sababu ya chumvi tu. Kisha pitisha ukucha. Usiponasa, mkwaruzo ni wa juujuu na unaweza kupunguzwa kwa oksidi ya seri, unga wa mafundi wa kung'arishia vioo. Ukoroge na maji uwe kama uji mzito, upake kwa sponji ngumu ya sufu iliyofungwa kwenye drili ya mwendo mdogo, uzungushe eneo pana kuliko mkwaruzo, ukinyunyizia maji muda wote na kupapasa joto kwa mkono. Pakipata moto, acha papoe. Ukikomaa mahali pamoja, unachimba bonde, na kupitia bonde hilo barabara inaonekana inacheza, jambo baya kuliko mkwaruzo wenyewe. Dawa ya meno haisagi kioo, hata ukisugua kutwa. Msasa ndiyo kabisa, usiuguse. Na ukucha ukinasa, acha hivyo hivyo. Mkwaruzo huo ukiwa mbele ya macho ya dereva, anza kutafuta bei ya kioo.

Mikwaruzo mingi ninayoiona ina umbo la upinde, maana imechorwa na wipa. Mpira umekatika, tope la Isyesye limekauka juu ya kioo, dereva anawasha wipa bila maji. Inua mikono ya wipa kila wiki, futa mpira kwa kitambaa kibichi, upapase kwa kidole. Ukisikia punje ya mchanga au ncha ya chuma, nunua mpira mpya kabla ya kuwasha tena.