Somo: Kufungasha na kurudisha faili kwa tar

Kukokota folda yenye faili elfu kadhaa ndogondogo hadi kwenye flashi ni kazi ya kukesha. Zifungashe kwanza ziwe furushi moja kwa tar, amri unayoiandika kwenye terminal. tar ilikuja na Unix toleo la 7 mwaka 1979, enzi za kanda za sumaku, na mpaka leo ipo kwenye Linux na macOS. Windows 10 nayo inayo tangu 2018. Mimi hapa natumia Ubuntu, na folda yetu ni `hesabu`, iliyo ndani ya `~/kazi`.

Hatua ya 1: Funga

```
cd ~/kazi
tar -czvf hesabu.tar.gz hesabu
```

`c` ni kutengeneza, `z` ni kubana kwa gzip, `v` inaonyesha majina yanavyopita, na `f` inasema: neno linalofuata ni jina la furushi. Hiyo `f` iwe ya mwisho. Ukiandika `-czfv` utapata furushi linaloitwa `v`. Balaa zaidi ni kusahau jina la furushi. Ukiandika `tar -cf *.docx`, tar inaichukua faili ya kwanza kati ya hizo za `.docx`, inaifuta, na kuigeuza furushi la zile nyingine. Haiulizi wala haionyi.

Hatua ya 2: Chungulia

```
tar -tzf hesabu.tar.gz | less
```

Hakuna kinachofunguliwa hapa, unasoma majina tu. Kila mstari uanze na `hesabu/`. Furushi ulilopewa na mtu mwingine lichungulie hivihivi kabla ya kulifungua, maana mengine hayana folda ya juu na yatamwaga faili zote pale ulipo.

Hatua ya 3: Linganisha

Hii wengi huiruka, na ndiyo ninayoisisitiza kabla hujafuta chochote. Ukiwa bado `~/kazi`:

```
tar -dzf hesabu.tar.gz
```

Ikikaa kimya, kila faili iliyo ndani ya furushi inalingana na ile ya kwenye folda. Ikisema `hesabu/machi.csv: Size differs`, faili hiyo imeguswa baada ya kufunga, rudia hatua ya 1. (`-d` ni ya tar ya GNU; kwenye Mac haipo.)

Hatua ya 4: Hamisha

```
sha256sum hesabu.tar.gz > hesabu.sha256
```

Hiyo inaandika alama ya kidole ya furushi ndani ya `hesabu.sha256`, ya kukagulia nakala. Nakili faili zote mbili kwenye flashi, iondoe salama, kisha ichomeke tena. Ukikagua bila kuichomoa, kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyobaki kwenye RAM, ukaambiwa kila kitu kizuri kumbe flashi ni mbovu. Ukiwa ndani ya flashi, andika `sha256sum -c hesabu.sha256` na usubiri `OK`.

Hatua ya 5: Rudisha

```
mkdir ~/jaribio
tar -xzvf hesabu.tar.gz -C ~/jaribio
```

Fungulia kwenye folda tupu, kwa sababu tar huandika juu ya faili zenye majina yaleyale. Ukitaka moja tu, ongeza mwishoni `hesabu/machi.csv`, vilevile ilivyoandikwa kwenye hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

Mkuu, nimefunga picha za harusi GB 6, furushi limetoka GB 6 karibu na nusu ya siku imeisha. Halafu flashi inalikataa, na nafasi ipo!
JPEG na MP4 zimeshabanwa tayari, ondoa `z` uokoe muda. Flashi yako bila shaka ni ya FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Katakata:

```
split -b 2000M picha.tar picha.tar.
```

Nukta ya mwisho usiiache. Kuunganisha: `cat picha.tar.* > picha.tar`.

Naweza kuongeza faili kwenye furushi la zamani?
Kama ni `.tar` tupu, ndiyo: `tar -rvf`. La `.tar.gz` litakataa, ulifunge upya.

Samahani mwalimu, neno la siri naweka wapi?
tar haina. Ukimaliza, andika `gpg -c hesabu.tar.gz`. Utapata `hesabu.tar.gz.gpg`, lakini lile la wazi linabaki palepale hadi ulifute mwenyewe.

Nafunga folda ya MySQL kwenye seva, inaniambia `file changed as we read it`. Nipuuze?
Usipuuze ndugu yangu. Hifadhidata ilikuwa inaandika wakati tar inasoma, kwa hiyo ulichofunga ni nusu ya kabla na nusu ya baada. Toa data kwa `mysqldump` kwanza, kisha ufunge faili ya `.sql` inayotoka. Kwa jedwali za InnoDB (aina ambayo MySQL hutumia kwa kawaida) weka `--single-transaction`, wateja wako wataendelea na kazi bila kusimamishwa.