Kuokoa uzi uliokufa kwenye Lister ya kusaga

Msimu wa mavuno nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga, nje kidogo ya Makambako. Lister yake, injini ya dizeli ile ya 6/1 (nguvu ya farasi sita, silinda moja) yenye magurudumu mawili mazito, ilikuwa inatema moshi ndani ya banda, na kinamama waliokuja na madebe ya mahindi walikuwa wanakohoa mpaka nje. Nilipofika nikakuta flenji ya ekzosi, yaani bamba linalofunga bomba la moshi kwenye injini, inacheza. Stadi moja, ile nondo yenye uzi pande zote mbili inayobeba nati, ilishatolewa, na mahali pake mtu alikuwa amelazimisha bolti mpya kwa spana iliyoongezewa kipande cha bomba. Bolti imeingia nusu, imekwama, na imekula uzi wote wa shimo, yaani ile mikato ya mzunguko inayoshika bolti.

"Fundi, kwani bolti ya inchi nusu si ni inchi nusu tu?" mzee akaniuliza.

Si hivyo, mzee wangu. Kosa lote lilianzia hapo, kwa hiyo na mimi naanzia hapo.

Lister hizi zilitengenezwa Dursley, Uingereza, na uzi wake ni wa Whitworth, mpangilio ambao Joseph Whitworth aliupendekeza mwaka 1841. Pembe ya uzi huo ni digrii 55. Bolti za inchi zinazouzwa madukani siku hizi nyingi ni za UNC, uzi wa Kimarekani, pembe digrii 60. Kwa saizi nyingi idadi ya nyuzi kwenye inchi moja inalingana, ndiyo maana watu hudanganyika: 3/8 zote zina nyuzi 16, 5/8 zote 11. Inchi nusu ndiyo yenye mtego. Whitworth ina nyuzi 12, UNC ina 13. Tofauti kati ya uzi na uzi haifiki hata sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hiyo bolti inashika vizuri mizunguko ya mwanzo. Ikifika wa sita imeshapishana karibu nusu ya uzi, na ukiendelea kukaza unakata chuma cha injini. M12, bolti ya milimita 12, nayo ni mbaya kwa namna yake: ni nyembamba kidogo, inaingia ikichezacheza, halafu inakuja kung'oka na vipande vya uzi.

Huna geji ya nyuzi? Chukua stadi ya zamani iliyo nzima, isafishe kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, ilaze juu ya karatasi nyeupe, kisha ipigilie kidogo kwa kipande cha mbao ili meno yaache alama. Weka rula. Hesabu alama ndani ya milimita 25.4. Zikiwa 12, ni Whitworth. Mimi huhakikisha tena kwa kuilaza stadi ubavuni mwa tepu yangu ya Whitworth, kile chombo cha kukatia uzi ndani ya shimo, na kuziinua zote mbili kuelekea mwanga wa mlango. Meno yakikaa vizuri, mwanga haupiti kokote. Usiamini jina lililo kwenye kibao cha injini peke yake. Kuna Lister nyingi za kunakili kutoka Rajkot, India, na hata injini ya asili inaweza kuwa imepita mikononi mwa mafundi watano kabla yako.

Kabla hujashika drili, tazama kama uzi umekufa kweli au umechafuka tu. Masizi na kutu vikijaa shimoni, uzi mzima huonekana kama umeisha. Hapo usipitishe tepu, maana tepu inakata, na kila ikipita inaondoa chuma ambacho hutakirudisha. Chukua stadi ya uzi uleule, chora mifereji mitatu kwa tupa kuanzia nchani, na uizungushe kwa mkono pamoja na mafuta mepesi. Uchafu utaingia kwenye mifereji na kutoka nao. Mashimo mengi niliyoitiwa "yaliyokufa" yaliishia hapo.

La mzee lilikuwa limekufa. Kilichobaki kilikuwa unga na meno mawili chini kabisa.

Dawa ninayoipenda ni stadi ya ngazi: upande wa chini, unaoingia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), uwe 5/8 Whitworth, na upande wa juu, unaopita kwenye flenji na kubeba nati, ubaki inchi nusu kama ulivyokuwa. Flenji haitobolewi, sura ya injini haibadiliki, na atakayekuja baada yangu ataikuta nati ileile aliyoitarajia. Koili za kupachika, zile springi za waya zinazowekwa shimoni kuwa uzi mpya, nazo ni nzuri, lakini za Whitworth kuzipata huku ni shida, wakati stadi ya ngazi fundi yeyote wa mashine ya kukereza anaichonga. Mpelekee bolti nene yenye alama ya 8.8 (daraja la uimara) kichwani, aikate na kuichonga. Msisitizie jambo moja: pale kipenyo kinapobadilika asiache kona kali, aache mviringo mdogo. Stadi yenye kona kali huvunjikia palepale.

Sasa shimo. Ziba mlango wa ekzosi kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili unga wa chuma usiingie kwenye valvu. Pima kina kwa waya kabla ya yote, kwa sababu nyuma ya chuma hicho yanapita maji ya kupozea. Funga utepe kwenye drili kuonyesha kina hicho, na usiuvuke. Uzi wa 5/8 kwenye chuma cha kasti unataka kushika kama milimita 24. Shimo likiwa fupi zaidi, bora upungukiwe kidogo kuliko kutoboa hadi kwenye maji.

Drili ni ya milimita 13.5. Kwa mkono mtupu itafuata upande uliolegea na shimo litalala, stadi isimame kama nguzo iliyogongwa na lori. Mimi huandaa kipande cha chuma chenye unene wa milimita 40, nikakitoboa mashimo mawili kwenye drili ya mezani: moja la kuvaa stadi jirani iliyo nzima, jingine la 13.5 la kuongoza drili. Nakifunga kwa nati, natoboa taratibu, nasimama kila baada ya muda kutoa unga. Nikimaliza nakifungua, napanua tundu lile la kuongoza hadi 16, nakirudisha, na sasa kinaongoza tepu yenyewe. Tepu haina pa kuegemea ila wima.

Chuma cha kasti hukatwa kikavu. Kina grafaiti ndani yake, kinajilainisha chenyewe, na ukimwaga oili, unga unageuka tope linalokaba tepu. Anza na tepu ya kwanza, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Mkono utakuambia: inapokata vizuri unasikia mkwaruzo mkavu, sawasawa, kama kisu kwenye chaki. Ukisikia ukimya na mkono unakuwa mzito, simama, rudisha, toa unga. Kwenye shimo la mzee nilitoa tepu mara saba. Kisha ya pili, kisha ile ya mwisho ya kufikia chini. Toa unga kwa sumaku na brashi. Ukipuliza kwa upepo, vaa miwani.

Lainisha mdomo wa shimo kidogo ili uzi wa kwanza usivimbe na kuinua flenji. Uzi mnene wa stadi nao uishie chini ya uso wa hedi. Paka grisi ya shaba, ingiza stadi kwa nati mbili zilizokazana, ifike mahali pake bila kugonga chini ya shimo. Kama shimo limegusa maji, tumia gundi ya kuzibia inayostahimili joto badala ya grisi. Gasketi kuukuu huenda ina asbesto, kwa hiyo iloweshe maji kabla ya kuikwangua na usiisage kwa msasa. Nati weka za shaba nyeupe, hazigandi kwa joto.

Nilikaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, zamu kwa zamu. Mzee akaniletea mpini wa kuwashia mwenyewe. Tukainua dekompresa, kile kiwiko cha kuondoa mgandamizo ili injini izunguke kirahisi, tukazungusha, tukaiachia, na ile sauti yake ya polepole, mizunguko 650 kwa dakika, ikaanza. Niliiacha ichemke kwa nusu saa, tukaizima, ikapoa, nikakaza tena robo mzunguko. Nilipopitisha mkono kuzunguka flenji hapakuwa na upepo. Mama wa kwanza kwenye foleni alishajitwisha debe lake.

Ile bolti ya nyuzi 13 nilimwachia mzee. Ameitundika kwa waya kwenye nguzo ya banda, na pembeni ameandika kwa chaki: "HII HAPANA".