SOMO: Masoko ya wikendi ya mitaa ya kati ya jiji, hatua kwa hatua (someni kabla ya kuniuliza)

Wadau, kila Ijumaa jioni ujumbe ni uleule: "Mkuu, kesho niende soko gani, na nifike saa ngapi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa naandika mara moja na wote mnaelekezwa hapa.

Nazungumzia masoko yanayofunguliwa Jumamosi au Jumapili tu, kwenye vitongoji vinavyopakana na katikati ya jiji: mitumba, vitu vya kale, vitabu, mimea, kazi za mikono, mazao ya shambani. Soko kuu la kila siku lina taratibu zake, halimo humu. Haya ya wikendi nayapenda kuliko njia nyingine yoyote ya kuujua mji, na inaniuma mtu anapokwenda mara moja, akafika saa mbaya, akarudi akitangaza kwamba pale hakuna kitu.

Hatua ya 1: Tafuta eneo linalobaki tupu wikendi.
Mitaa ya kati haina ardhi ya ziada. Soko la wikendi hujibanza mahali ambapo siku za kazi pana shughuli nyingine: uwanja wa shule, ua wa kanisa, maegesho ya ofisi, karakana ya zamani, au barabara inayofungwa kwa magari asubuhi. Kule Sydney, soko la Glebe hukaa kwenye uwanja wa shule kila Jumamosi, la Paddington liko kwenye ua wa kanisa tangu 1973, na la wakulima la Carriageworks limo ndani ya karakana za zamani za reli. Ukishalielewa hili, huhitaji kupewa orodha. Pita mtaani siku ya kazi, soma mabango kwenye uzio wa shule na ubao wa matangazo wa maktaba, angalia vibao vya barabarani vinavyokataza kuegesha gari Jumapili asubuhi. Kibao cha namna hiyo mara nyingi kinakuambia soko liko hapo.

Hatua ya 2: Hakikisha siku.
Mengine ni ya kila wiki, mengine ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi tu. El Rastro ya Madrid ni Jumapili na sikukuu. Maua ya Columbia Road, London, ni Jumapili. Portobello Road, ya London pia, ina wauzaji siku nyingi za wiki, lakini ukifuata vitu vya kale siku yake ni Jumamosi. Na angalia upepo, usitazame mvua peke yake: mvua watu huvumilia chini ya turubai, ila upepo mkali hung'oa mahema, na hapo wasimamizi huahirisha.

Hatua ya 3: Chagua saa kulingana na unachotaka.
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Soko moja lina sura tatu kwa siku moja.

Sura ya kwanza ni mizigo inaposhushwa. Wauzaji wa vitu vya kale wananunuliana wao kwa wao hapo, kabla mnunuzi wa kawaida hajaamka. Kama unawinda kitu maalumu (lenzi ya kamera, sahani za santuri, zana za useremala), fika wakati huo, na uwe na tochi.

Sura ya pili ni katikati ya siku. Msongamano, muziki, watoto, foleni za chakula. Ni saa nzuri ya kuwaona watu wa mtaa na saa mbaya ya kununua: vizuri vimekwenda, na muuzaji hana sababu ya kukupunguzia.

Sura ya tatu ni saa ya mwisho. Muuzaji anapiga hesabu ya kubeba mzigo kurudi nao. Kila kizito, kila kikubwa na kila kinachonyauka hushuka bei. Pale Columbia Road soko hufunguliwa saa 2 asubuhi, na kuelekea mwisho wake alasiri wauzaji wa maua hupiga kelele za bei zinazoteremka. Mmea wa chungu ni mzuri kwa saa hiyo. Kabati zuri la mbao usilisubirie mpaka wakati huo.

Ushauri wangu kwa mgeni: nenda soko lilelile mara mbili, mara moja alfajiri na mara moja kuelekea kufungwa, ndipo uanze kulihukumu.

Hatua ya 4: Beba noti ndogo, mifuko miwili imara, futi ya kupimia, tochi na sumaku ndogo. Vipimo vya mlango wako na ngazi zako viandike kwenye simu.

Hatua ya 5: Zunguka soko zima mara moja bila kununua. Isipokuwa kitu ni kimoja tu na unakitaka kweli. Hicho kishike mkononi wakati unawaza, maana ukikirudisha mezani, wa nyuma yako ana haki ya kukichukua.

Hatua ya 6: Kagua.
Hatua hii iliwahi kuniingizia kunguni nyumbani, kwa hiyo vumilieni urefu wake. Chochote chenye kitambaa, na chochote cha mbao chenye maungio, kikaguliwe kwa tochi kabla ya kuzungumza bei. Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, mwembamba, rangi ya kahawia, na hukaa kwenye mishono, chini ya vifungo vya kochi, kwenye matundu ya skrubu na nyuma ya droo. Wewe tafuta alama zake zaidi ya mdudu mwenyewe: vidoadoa vyeusi kama wino uliolowa, na maganda yaliyovuliwa. Usidanganyike kwamba kitu kimekaa stoo miezi. Kunguni huishi miezi bila kula.

Ukifika nyumbani, nguo zisipite sebuleni. Zitoke mfukoni moja kwa moja hadi kwenye mashine, nyuzijoto 60 kama kitambaa kinaruhusu. Kisichofulika kiwekwe kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili. Godoro la mtumba: usinunue. Kochi: usinunue kama huwezi kulipindua na kuona tumbo lake.

Kwa mbao, angalia vitundu vya milimita 1 hadi 2. Vitundu vyenyewe vinaweza kuwa vya zamani, wadudu wamekwishatoka. Unga laini wa rangi hafifu chini yake ndiyo dalili kwamba bado wanakula. Bisha kidogo, uone kama unga mpya unadondoka.

Vyombo vya udongo na kauri, gonga kwa ukucha: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Kauri ya zamani iliyopakwa rangi na kung'arishwa inaweza kuwa na risasi (ile metali yenye sumu), na vyakula vichachu huichomoa. Iweke ukutani, usiilie chakula. Vilevile kitanda au kiti cha mtoto chenye rangi ya zamani inayobanduka: Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka 1978, na samani za kabla ya hapo bado zinazunguka.

Kofia ngumu ya pikipiki au baiskeli na kiti cha mtoto cha garini visinunuliwe mtumba, hata vikionekana vipya. Kilichowahi kupata ajali kinaweza kuwa kimeisha nguvu bila kuonyesha ufa.

Hatua ya 7: Bei.
Salimia kwanza. Kisha uliza, "Bei inazungumzika?" Ikiwa haizungumziki, shukuru. Mitumba na vitu vya kale vina nafasi ya kupatana, na ukichukua vitu vitatu kwa muuzaji mmoja una sababu ya haki ya kuomba punguzo. Aliyetengeneza kwa mikono yake au kulima mwenyewe, usimkamue. Kamwe usikiponde kitu cha mtu ili akushushie.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Ghorofani: Mkuu, sasa kati ya yote soko gani zuri?
Jibu: Hatua ya 1 na ya 3. "Zuri" kwa kununua nini?

Kijana wa Ghorofani: Chochote tu.
Jibu: Basi nenda lililo karibu na kwako.

Mpenda Kale: Asante kwa somo. Sumaku ni ya nini? Umeitaja halafu ukaiacha.
Jibu: Swali zuri, na ni kweli niliiacha. Fedha na dhahabu havivutwi na sumaku. Kijiko kinachoitwa cha fedha kikinasa, kina chuma ndani, mazungumzo yameisha. Lakini kutonasa hakuthibitishi kitu, kwa sababu shaba na nikeli-fedha (mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, hauna fedha ndani) pia havinasi. Kwa hiyo baada ya sumaku tafuta muhuri. 925 maana yake sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. 800 utaiona sana kwenye kazi za zamani za Ujerumani. Herufi EPNS ni mpako wa fedha juu ya hiyo nikeli-fedha. Si kitu kibaya, hudumu vizuri mezani, ila usilipie bei ya fedha. Nenda na kioo cha kukuzia, mihuri hiyo ni midogo sana.

Dada Mizigo: Hii ya kusubiri saa ya mwisho si kuwanyonya wauzaji? Wameamka usiku, wewe unawangoja wachoke.
Jibu: Hapana, na sijaandika hivyo. Bei ya mwisho anaitaja muuzaji mwenyewe kwa hesabu yake ya mzigo. Mnyonyaji ni anayekuja saa ya kwanza na kutaka bei ya saa ya mwisho. Soma tena mwisho wa hatua ya 7.

Mkulima wa Baraza: Nitajuaje kama anayeuza mboga ni mkulima kweli au kanunua jumla?
Jibu: Ndugu, hili nalipenda. Tazama kwanza aina za mazao. Shamba moja kwa msimu mmoja halitoi kila kitu, kwa hiyo meza yenye mazao ya misimu yote na ya hali zote za hewa imejazwa kwenye soko la jumla. Tazama maboksi: yenye nembo za wasambazaji tofauti yanajieleza. Tazama ukubwa: ya shambani hayalingani. Halafu uliza swali la kazi, kwa mfano amepanda aina gani ya mbegu, au wiki ijayo ataleta nini. Mkulima ataongea mpaka wewe uchoke. Ila anayenunua jumla naye anafanya kazi halali, shida ni pale tu anapodai amelima mwenyewe.

Baba Pacha: Nimekwenda Jumapili, nimekuta pako tupu. Somo lako si sahihi.
Jibu: Ulihakikisha siku?
Baba Pacha: Niliambiwa na jirani.
Jibu: Hatua ya 2.

Picha Mtaani: Naweza kupiga picha?
Jibu: Meza, omba ruhusa. Sura ya mtu, omba ruhusa na ukubali kukataliwa. Wanaouza michoro na kazi za mikono wengi hawataki, kwa sababu huibiwa ubunifu. Nunua kitu kidogo kwanza, kisha uliza, utaona tofauti.

Fundi Fremu: Naongezea: msizipite tu picha mbaya za ukutani. Mara nyingi fremu yake ni mbao ngumu yenye maungio mazuri na kioo juu, kwa bei ya chini kuliko kukata fremu mpya. Pima upande wa ndani, nyuma, siyo wa mbele.
Jibu: Fundi, ahsante sana. Na kama karatasi ya nyuma imepigwa gundi, usiibandue hapohapo mezani. Lipa kwanza.

Msomaji Usiku: Vitabu vyenye harufu ya ukungu vinaokoka?
Jibu: Harufu tupu, ndiyo: viache wazi mahali pakavu penye hewa, kurasa zimepanuliwa, mbali na jua kali, kwa wiki kadhaa. Ukungu unaoonekana, wenye manyoya au madoa yanayotoka ukifuta, kiache sokoni, maana utaambukiza rafu nzima. Kabla hujalipa fungua katikati kabisa, karibu na mgongo wa kitabu. Unyevu hujificha hapo.