Kumfuga Paka Nyumbani Kigoma: Chakula, Sumu na Chanjo

Katika nyumba nyingi za Ujiji na Mwanga paka huletwa kwa ajili ya panya, kisha huachwa ajitafutie, kwa imani kwamba akishiba hatawinda. Imani hiyo si sahihi. Paka huwinda kwa silika hata akiwa ameshiba, ilhali mwenye njaa hutangatanga majalalani na barabarani, ambako hugongwa na pikipiki au kuraruliwa na mbwa. Anayetaka kufuga paka akubali kwanza kwamba atamlisha kila siku.

Chakula chetu cha paka ni dagaa, nacho ni kizuri kikiandaliwa kwa uangalifu. Dagaa wakavu walioanikwa mchangani waloweke katika maji ya moto, uwasuuze mara mbili au tatu hadi usione tena mchanga chini ya bakuli, kisha uwachemshe bila chumvi. Usitie kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa kuwa vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Ndiyo maana mchuzi uliobaki mezani haumfai, hata uwe mtamu namna gani. Maji uliyochemshia usiyamwage, umpe pamoja na dagaa wenyewe: mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, na kirutubisho hicho, ambacho kikikosekana kwa muda mrefu huleta upofu na ugonjwa wa moyo, huyeyukia ndani ya maji hayo. Samaki wabichi wasiwe mazoea, kwa sababu baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka aliyepungukiwa vitamini hiyo huyumba na kuinamisha shingo. Ugali peke yake, wa muhogo au wa mahindi, humjaza tumbo tu. Hata dagaa hawatoshi wakiwa peke yao. Changanya na moyo wa ng'ombe au nyama ya kuku, na maini kidogo mara moja kwa wiki. Wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopumzika na bei ya dagaa ikapanda, utashukuru kuwa na akiba ya dagaa wakavu ndani ya chombo chenye mfuniko. Maji safi yawepo muda wote. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa.

Wanaoishi karibu na mialo ya Kibirizi na Katonga wawe macho na mabaki ya nyavu na mishipi, ambayo paka huyameza kwa sababu yananuka samaki. Paka wangu wa kwanza alikaa siku mbili bila kula, mate yakimdondoka. Nilipomfungua kinywa taratibu penye mwanga wa dirisha, niliona uzi mwembamba wa wavu umezunguka shina la ulimi, ncha zake zikielekea kooni. Nilikuwa tayari nimeushika ili niuvute. Mama mkwe wangu alinizuia, tukamkimbiza kwa mtaalamu wa mifugo, naye akatueleza kwamba uzi uliokwama tumboni ukivutwa hukata utumbo kama kisu. Aliukata pale ulimini, akamwangalia kwa siku tatu hadi ulipotoka kwa njia ya haja. Tangu siku hiyo sijaacha kukagua kinywa cha paka yeyote anayekataa chakula.

Sumu ya panya isiwekwe kabisa katika nyumba yenye paka, na majirani waombwe vivyo hivyo, kwa kuwa paka anayekula panya aliyelishwa sumu naye hudhurika. Usimpe paka parasetamo kwa nia ya kushusha homa. Hata kidonge kimoja huweza kumuua. Dawa ya kupe ya mbwa au ng'ombe usimpake, kwani nyingi kati ya dawa hizo zina viambato ambavyo ini la paka haliwezi kuvivunja.

Chanjo ya kichaa cha mbwa humhusu paka pia. Afikishapo miezi mitatu mpeleke kwa afisa mifugo wa kata, ndani ya tenga la kuku lililofunikwa kanga ili asipate hofu, na uulize tarehe ya kurudia. Mtu akiumwa na paka, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Paka jike huweza kupata mimba akiwa na miezi minne tu, na hubeba mimba kwa takriban siku 63. Anayeona uchungu kuwatupa watoto wa paka sokoni, na kila mtu anapaswa kuuona, aulize mapema kuhusu kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike.

Beseni la mchanga la kujisaidia lisafishwe kila siku, kabla vimelea vya toksoplasma, vijidudu vya kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, ambavyo huhitaji siku moja hadi tano ili viweze kuambukiza, havijakomaa. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo. Kama hana wa kumsaidia, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni.