Kabla Hujashika Barabara ya 61

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari. Kuanzia Duluth, Barabara ya 61 inaambaa na Ziwa Superior kwa maili kama 150 hadi mpaka wa Kanada, na njiani hifadhi za jimbo la Minnesota zimefuatana kama shanga: Gooseberry Falls, Split Rock Lighthouse, Tettegouche, Temperance River, Cascade River, Judge C. R. Magney na, mwisho kabisa, Grand Portage. Ukiziangalia kwenye ramani utadhani wikendi moja inazitosha zote. Sisi tulidhani hivyo. Safari yetu ya kwanza tulijipangia sita, na tulichokiona zaidi ni maegesho ya magari. Temperance tuliipita bila hata kushuka kwa sababu watoto walikuwa wameshalala. Tangu siku hiyo, jamaa wa Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis, wakiniuliza, nawaambia wahesabu saa za kutembea kwa miguu, si maili. Familia yenye mtoto mdogo au mzazi mwenye maumivu ya magoti inahitaji saa mbili hadi tatu kwa kila hifadhi. Kwa hiyo siku moja ni hifadhi mbili. Ya tatu utaisalimia tu.

Chagua basi kulingana na miguu uliyonayo garini. Kama mama amekuja kuwatembelea kutoka kwetu, mpeleke Gooseberry: kuna njia ya lami inayofika karibu na maporomoko, na kituo chake cha wageni ni pia kituo cha mapumziko cha barabara kuu, kwa hiyo kuegesha hapo ni bure. Split Rock ina mnara wa taa uliokamilika mwaka 1910, baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi ziwani. Fahamu mapema kwamba eneo la mnara linasimamiwa na Minnesota Historical Society, shirika la historia la jimbo, na lina kiingilio chake, mbali na kibali cha hifadhi. Ni vizuri fedha hiyo iwe kwenye bajeti kabla hujafika mlangoni na watoto watano.

Judge Magney waachie wenye mapafu. Huko Mto Brule unagawanywa na mwamba, upande mmoja unaporomoka kama kawaida na wa pili unatumbukia katika shimo linaloitwa Devil's Kettle. Miaka mingi watu walitupa vitu humo wakisubiri vitokee, visitokee. Baadaye wataalamu wa maji wa jimbo walipima mto: juu ya maporomoko ulikuwa na futi za ujazo 123 kwa sekunde, na chini 121. Maana yake maji hayapotei, yanarudi mtoni humo humo. Ni mahali pa ajabu, lakini njia ina ngazi nyingi, na wakati wa kurudi ndipo unapozipanda.

Kibali cha gari kipo cha siku na cha mwaka, na kinafaa katika hifadhi zote za jimbo. Ukitarajia kutoka wikendi tatu kwa mwaka, nunua cha mwaka. Nafasi za kupiga hema hufunguliwa siku 120 kabla, na za mwisho wa Septemba, majani yanapogeuka rangi, huisha upesi sana. Usiende ukitumaini kupata nafasi ukifika.

Sasa ziwa lenyewe. Kwa eneo, Superior ni kubwa kuliko Ziwa Victoria, lakini aliyekulia Kisumu au Mwanza asidhani analijua. Hata Julai maji yake yanaweza kukufisha ganzi miguu kabla hujafika magotini, na ukitumbukia kwa ghafla pumzi inakukatika. Mawe ya ufukweni yanateleza, mawimbi hayana huruma. Mtoto asikaribie maji bila mkono wa mtu mzima. Na upepo ukitoka ziwani, mnaweza kuondoka Minneapolis mkitoka jasho mkakuta Duluth baridi ya koti. Weka sweta na koti la mvua kwa kila mtu, hata kama simu inaonyesha jua wikendi nzima.

Jambo ambalo orodha nyingi za safari haziligusi, na ambalo kwetu wahamiaji ni zito, ni karatasi. Sheria ya Marekani inamtaka asiye raia mwenye umri wa miaka 18 na zaidi atembee na hati yake ya usajili, kwa mfano kadi ya ukaazi. Tena Grand Portage iko mpakani kabisa. Ukiipita njia ya kuingia hifadhini, kinachofuata ni daraja la Mto Pigeon na Kanada. Mwenye viza ya kuingia mara moja anaweza kushindwa kurudi, na aliyeomba hifadhi ya ukimbizi akitoka nchini bila ruhusa ya awali anaweza kuhesabiwa kuwa ameacha maombi yake. Kama kuna mtu wa namna hiyo garini, ishieni Judge Magney. Nimewaambia wengi hivyo na sitaacha.

Mengine ni madogo. Jaza mafuta katika mji wa Two Harbors na tena katika mji wa Grand Marais. Pakua ramani kabla ya kutoka Duluth, kwa kuwa mtandao unakatika, na karibu na mpaka simu inaweza kujiunga na minara ya Kanada na kukuletea bili. Kuni usibebe kutoka nyumbani, kwa sababu ndani yake husafiri wadudu wanaoua miti ya huko. Zinunue hapo hifadhini. Vaa suruali ndefu na ukague kupe jioni, nyuma ya masikio na kwapani. Nyama iliyokolezwa viungo tangu Ijumaa ibebe kwenye sanduku la barafu, lakini usiku chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa, si kwenye hema, maana dubu wapo.

Jumapili muwe mmeshaondoka Grand Marais kufikia saa sita mchana. Kurudi Minneapolis ni karibu saa tano, kusini ya Duluth foleni ya wanaotoka mapumzikoni huwa ndefu, na jua likizama paa huanza kuvuka barabara. Badilishaneni usukani mkifika Duluth.