Kutengeneza Chombo cha Mboji kwa Paleti na Mapipa Yaliyokwisha Kutumika

Kabla ya kushika nyundo, ni vyema kufahamu kazi ya chombo chenyewe. Mabaki huozeshwa na vijidudu vinavyohitaji hewa na unyevu, na joto la rundo hutokana na vijidudu hivyo vinapokula. Rundo dogo hupoteza joto hilo upesi, ndiyo maana mafundi wengi hulenga chombo chenye upana, urefu na kimo cha takriban mita moja. Sura yake si hoja.

Hatua ya 1: Kuchagua vifaa

Mimi hupendelea paleti nne za mbao zinazolingana, yaani majukwaa ya kubebea mizigo, kwa kuwa nafasi zilizo kati ya mbao zake tayari ni matundu ya hewa, na paleti ya sentimita 120 kwa 100 hutoa ujazo unaotakiwa bila kukata ubao hata mmoja. Tafuta muhuri uliopigwa ubavuni. Herufi HT zinaonyesha kwamba mbao zilitibiwa kwa joto, yaani kiini cha ubao kilifikishwa nyuzijoto 56 za Selsiasi kwa dakika 30 au zaidi, na paleti ya namna hiyo inafaa. Herufi MB zinaonyesha kwamba ilifukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu, kwa hiyo iache hapo hapo ulipoikuta. Paleti yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali nisingeichukua hata kama muhuri wake ni mzuri, kwa sababu muhuri hausemi lolote kuhusu mizigo iliyobebwa baadaye. Epuka pia mataruma ya reli yaliyopakwa kreosoti, yaani mafuta ya lami ya kuhifadhi mbao, na mbao kuukuu zilizotiwa dawa yenye arseniki.

Hatua ya 2: Kuandaa mahali

Chagua udongo mtupu usiotuamisha maji, penye kivuli kiasi, kisha uutifue kidogo ili minyoo ipande. Ikiwa panya wapo, tandika chini wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Waya wa kuku wa kawaida hauwazuii, kwani matundu yake ni makubwa na nyuzi zake ni nyembamba.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Simamisha paleti tatu ziwe ukuta wa nyuma na kuta mbili za pembeni, kisha uzifunge kwa waya kwenye kila kona, juu, katikati na chini. Wengi hukimbilia misumari, lakini waya hukuruhusu kubadilisha paleti moja iliyooza bila kubomoa nyingine. Paleti ya nne ni mlango: ifunge kwa bawaba kuukuu upande mmoja na kwa kitanzi cha waya upande wa pili. Usiruke mlango huu kwa kuona ni anasa, maana kugeuza rundo kwa kulichota kutoka juu ni kazi ya kuvunja mgongo.

Mahali pasipo na nafasi

Pipa la plastiki la lita 200 lililowahi kubeba vyakula linaweza kutumika. Lioshe, toboa matundu ya milimita 12 ubavuni kwa kuachanisha sentimita 15, ongeza mengine kwenye kitako ili maji yatoke, kisha uliweke juu ya matofali. Kwa kuwa ujazo wake ni sehemu moja ya tano tu ya mita moja ya ujazo, halitapata moto sana na mboji itachelewa.

Hatua ya 4: Kujaza

Anza na vijiti vikavu, unene wa sentimita 10 hivi, ili hewa ipite chini. Juu yake weka vitu vikavu, kama majani makavu, maranda au maboksi yaliyochanwa, na vitu vibichi, kama maganda ya mboga na majani mabichi, kwa kiasi cha ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Nyama, samaki na mafuta ya kupikia visiingie. Unyevu hupimwa kwa mkono: ukifinya konzi ya mchanganyiko, iwe kama sponji iliyokamuliwa, itoe tone moja au mawili tu. Harufu ya uvundo ni dalili ya maji mengi na uhaba wa hewa, na dawa yake ni kuongeza vikavu na kugeuza.

Rundo likifika nyuzijoto 55 hadi 65, mbegu nyingi za magugu hufa. Joto likishuka, geuza ili vilivyokuwa nje viingie ndani. Kazi hii hurahisika ukiwa na chumba cha pili kando ya cha kwanza, ambacho huhitaji paleti tatu tu zaidi, kwa kuwa ukuta wa kati hutumika na vyote viwili.