Namna ya Kutambua Dalili za Mayeloma, Saratani ya Damu Inayojificha Mifupani

Mayeloma huanzia kwenye uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Chembe zinazoharibika ni zile za plazma, ambazo kwa kawaida hutoa kingamwili za kupambana na maradhi. Zikigeuka saratani huzaliana kupita kiasi, huwanyima nafasi wenzao wa uboho, humomonyoa mfupa na kumwaga katika damu protini moja isiyo na manufaa. Dalili zote hutokana na hayo. Kwa bahati mbaya, kila dalili ikitazamwa peke yake hufanana na ugonjwa wa kawaida, na ndiyo sababu mtu anaweza kutibiwa mgongo mwezi huu, upungufu wa damu mwezi ujao na nimonia baadaye, pasipo yeyote kuziunganisha.

Anza na mifupa, kwa kuwa huko ndiko wagonjwa wengi husikia maumivu ya kwanza, hasa mgongoni, mbavuni na nyongani. Maumivu huongezeka mtu anapojigeuza, anapoinama au anapokohoa. Karibu kila mtu mzima amewahi kuumwa mgongo. Yanayostahili kutiliwa shaka ni maumivu yaliyoanza ukubwani, hususan baada ya miaka 50, yakaendelea kwa wiki kadhaa na kuzidi badala ya kutulia. Pitisha kidole polepole juu ya pingili za uti wa mgongo, moja baada ya nyingine: ikiwa ipo sehemu inayouma kwa kubonyezwa kidogo tu, ikumbuke umweleze daktari. Mpime mgonjwa kimo akiwa ameegemea ukuta, kisha ulinganishe na kimo chake cha zamani, kwa maana pingili zilizodhoofika hubonyea na kumfupisha mtu. Mfupa uliovunjika kwa jambo dogo, kama vile kuinua ndoo au kupiga chafya, usichukuliwe kuwa ajali ya kawaida.

Dalili ya pili ni uchovu usioondoka hata baada ya kupumzika, pamoja na kuhema mtu anapopanda ngazi. Vuta ukope wa chini taratibu na utazame utando wa ndani, ambao kwa mtu mwenye damu ya kutosha huwa mwekundu. Ukiwa umepauka, huenda damu imepungua. Maambukizi yanayojirudia, kama nimonia au mkanda wa jeshi, nayo yahesabiwe.

Figo huharibika kimyakimya, na hapa ninaomba umakini zaidi. Mnamo 1847 daktari Mwingereza Henry Bence Jones alieleza protini aliyoikuta katika mkojo wa mgonjwa wa aina hii, na protini hiyo ndiyo huziba na kuumiza mirija ya figo. Tazama mkojo: povu la mkojo uliotoka kwa kasi hutoweka upesi, lakini povu zito linalobaki kila siku linahitaji kuchunguzwa. Kijiti cha kupimia mkojo hugundua zaidi albumini, ambayo ni protini ya kawaida ya damu, hivyo kinaweza kuonyesha hali njema wakati protini ya mayeloma imo. Vilevile, anayeumwa mgongo kwa muda mrefu asijinunulie diklofenaki au ibuprofeni siku baada ya siku, kwani dawa hizo zinaweza kuzimaliza figo ambazo tayari zimeelemewa.

Mfupa unapomomonyoka, kalsiamu humwagika katika damu. Mgonjwa hupata kiu kali, hukojoa mara kwa mara, hufunga choo, husikia kichefuchefu na pengine huchanganyikiwa. Kwa mzee, kuchanganyikiwa huko hudhaniwa ni uzee tu, na siku zinapotea bure. Iwapo kumeanza ghafla na kumeandamana na kiu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Haraka hiyohiyo inamhusu mtu ambaye miguu yake imelegea, ambaye sehemu za siri na makalio vimekufa ganzi, au ambaye ameshindwa kuzuia haja. Neva zilizo ndani ya uti wa mgongo zinaweza kuwa zimebanwa, na kuchelewa kunaweza kumwachia ulemavu wa kudumu.

Andika dalili hizi katika daftari moja pamoja na tarehe zilipoanza, kisha umsomee daktari zote kwa mkupuo mmoja. Mweleze pia kama kuna ndugu wa damu aliyeugua mayeloma, na ukumbuke kwamba watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu takriban mara mbili zaidi ya Wazungu. Uliza kama vipimo vya hemoglobini (wingi wa damu), kreatinini (utendaji wa figo) na kalsiamu vinafaa, pamoja na kile kinachotenganisha protini za damu, kiitwacho elektroforesisi. Picha ya eksirei isiyoonyesha kitu haitoshi kukuondolea shaka, kwa sababu mfupa hupoteza takriban theluthi moja ya madini yake kabla tundu halijaonekana. Uthibitisho hupatikana kwa kuchukua sampuli ya uboho, mara nyingi kutoka mfupa wa nyonga.

Ikiwa vipimo vitaonyesha kiasi kidogo cha protini ya mayeloma bila dalili wala madhara mengine, huenda ni hali ya awali tu, ambayo hugeuka kuwa mayeloma au ugonjwa wa jamii yake kwa takriban mtu 1 kati ya 100 kila mwaka. Mtu huyo kwa kawaida hapewi dawa. Hupangiwa tarehe za kurudi kupimwa, na tarehe hizo asizikose.